Mifupa ya mguu iliyoungana: ikatwe lini, na inakatwaje

Swali: Daktari, shikamoo. Nina binti wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza, tunaishi Tukuyu. Tangu darasa la sita anateguka mguu wa kulia kila mara, hasa akishuka mlima kutoka shule, na ikifika jioni anachechemea. Bibi yake amemchua kwa mafuta ya moto bila nafuu. Tulipopiga X-ray daktari alisema mifupa miwili ya mguu imeungana, wa kisigino na mwingine ulio mbele yake, na huenda akahitaji upasuaji. Je, ni lazima? Mfupa ukikatwa hauoti tena? Na kwa nini tusingoje amalize kidato cha nne?

Jibu: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Kwa kifupi, upasuaji si lazima leo, lakini kungoja kidato cha nne nako si busara ikiwa maumivu yanaendelea. Katikati kuna hatua ambayo sijaiona kwenye maelezo yako, nayo ndiyo inayoamua: mguu huo haujawahi kupumzishwa ipasavyo ndani ya hogo, yaani plasta ngumu. Daraja la mfupa, yaani pale mifupa miwili ilipoungana, kuonekana kwenye X-ray peke yake si sababu ya kukata. Wapo watu wazima wanaolima, wanaocheza mpira na kuzeeka na daraja kama hilo bila kujua kwamba wanalo. Linalokatwa ni daraja linalouma na lililokataa mapumziko.

Tuone kwanza kilicho ndani. Mifupa inayohusika ni mitatu. Chini kabisa ya muundi iko talasi. Chini ya talasi kuna mfupa wa kisigino. Mbele ya talasi, upande wa ndani, kuna mfupa mdogo uitwao navikula, ambao ndio kilele cha uvungu wa wayo. Kwa kawaida kisigino na navikula havina kiungo kati yao. Vimeshikwa na kano tu, na kila kimoja kina uhuru wa kusogea. Mtoto akiwa tumboni mifupa hii huanza kama tishu moja laini, kisha hugawanyika. Isipogawanyika sawasawa, panabaki daraja. Hali hii hurithiwa katika koo nyingi. Haikuletwa na kuanguka, wala viatu, wala mtoto kubebeshwa ndoo za maji mapema, na kuchuliwa na bibi hakukuileta.

Mwanzoni daraja huwa gegedu (tishu inayopinda, kama ya sikio) au nyuzi ngumu, linapinda kidogo, na mtoto hana habari nalo. Kwa aina ya binti yako, yaani kisigino na navikula, huanza kugeuka mfupa kati ya miaka 8 na 12. Ile ya talasi na kisigino huchelewa, miaka 12 hadi 16. Ndiyo maana shida ilijitokeza darasa la sita na si alipokuwa na miaka minne. Jinsi daraja linavyokuwa gumu, ndivyo kiungo kilicho chini ya kifundo kinavyokosa nafasi ya kucheza.

Kiungo hicho ndicho kinachouwezesha wayo kuinama kuelekea ndani au nje kufuata ardhi. Kwenye sakafu ya darasa kasoro haionekani. Kwenye njia za wilaya yenu ya Rungwe inaonekana: anapokata mteremko kwa ubavu, au kuvuka matuta ya viazi, wayo unagoma kuinama, mzigo unahamia kwenye kifundo, na kano za upande wa nje zinavutwa. Kwa hiyo kuteguka ni matokeo, si chanzo, na kuchua kano iliyoteguka kila wiki hakuwezi kulegeza daraja la mfupa. Baadhi ya watoto misuli ya upande wa nje wa mguu nayo hukakamaa, wayo ukabaki umelala nje, bapa na mgumu.

Vipo vipimo vitatu unavyoweza kufanya nyumbani bila kifaa. Msimamishe peku akikupa mgongo, kisha ainuke kwa ncha za vidole. Mguu mzima, kisigino hugeukia ndani na uvungu hujitokeza hata kama ni mguu bapa. Mguu wenye daraja, kisigino hubaki pale pale au huelekea nje, na wayo hubaki bapa. Pili, akiwa ameketi, shika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ukiyumbishe ndani na nje. Linganisha na mguu wa kushoto, ila usiutegemee sana ulinganisho huo, kwa maana karibu nusu ya wenye tatizo hili wanalo miguu yote miwili. Tatu, bonyeza mbele kidogo na chini ya fundo la nje, palipo na kishimo. Kama ndipo anaporuka, daraja la kisigino na navikula ndilo linaloshukiwa. Kama maumivu yako upande wa ndani, chini ya fundo la ndani, fikiria aina ya talasi na kisigino, na habari inabadilika kama nitakavyoeleza.

Kabla ya kuendelea, kuna dalili zikiwepo usikubali maelezo ya daraja peke yake. Maumivu yanayomwamsha usiku, homa, mguu kuvimba na kuwa wa moto, kupungua uzito, au viungo vingine kuuma hasa asubuhi: hayo yanataka kutafuta maambukizi ya mfupa, kifua kikuu cha mifupa, baridi yabisi ya watoto au uvimbe wa mfupa. Mtoto anaweza kuwa na daraja na ugonjwa mwingine kwa pamoja, na X-ray yenye jibu la haraka huwafanya watu waache kutafuta.

Kuhusu picha: X-ray ya mbele na ya ubavu mara nyingi hazitoshi. Daraja la kisigino na navikula linaonekana vizuri kwenye picha ya mshazari, mguu ukiwa umegeuzwa nyuzi 45, kama daktari Slomann alivyoeleza mwaka 1921. Kwenye picha ya ubavu, ncha ya mbele ya kisigino hurefuka kuelekea navikula. Ukiona hivyo jua kuna kitu. Picha zipigwe akiwa amesimama. Mara nyingine juu ya talasi kunaonekana kijipembe cha mfupa, na mtu akakwambia kiungo kimeshachakaa. Siyo lazima. Kijipembe hicho mara nyingi ni alama ya kano kuvutwa, na peke yake hakizuii kukata daraja.

Kabla ya upasuaji wowote, dai kipimo cha CT (picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa kipande kwa kipande), cha miguu yote miwili, chenye vipande vyembamba vya milimita 1 hadi 2. Anzia Hospitali ya Wilaya ya Rungwe upate rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kama una bima uliza mapema kama kipimo na upasuaji vinahitaji kibali. Sababu ya kusisitiza ni kwamba mtoto anaweza kuwa na madaraja mawili kwenye mguu mmoja. La mbele linaonekana kwenye X-ray, la chini halionekani. Linakatwa la kwanza, maumivu yanabaki, na familia inaambiwa upasuaji umeshindikana. Omba upewe CD ya picha, si karatasi ya majibu tu. MRI, yaani picha ya sumaku, huhitajika pale CT haionyeshi mfupa lakini mguu una dalili zote, kwa sababu daraja la nyuzi halionekani vizuri kwenye CT.

Sasa hogo. Ni plasta ya kutoka chini ya goti hadi vidoleni, kisigino kikiwa kimenyooka, ya kutembelea, kwa wiki 4 hadi 6. Dawa ya maumivu: ibuprofen miligramu 200 hadi 400 kwa binti wa kilo 40 na kuendelea, mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache tu mfululizo, na asipewe kama ana vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochokozwa na dawa hizo. Panga hogo hilo nje ya masika. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Plasta ikilowa inalainika, inaoza ngozi, na kazi yake imekwisha. Wengine huikausha kando ya jiko la mkaa, wakaunguza mguu ambao hauoni joto mpaka limeshaingia. Funika kwa mfuko wa nailoni akitoka nje, na ikilowa kweli ibadilishwe hospitali.

Likitolewa, anavaa viatu vyenye kisigino kigumu kinachobana pande zote na soli ya ndani yenye mwinuko unaobeba uvungu. Soli laini, isiyo ya plastiki ngumu. Nimewaona wazazi wakinunua mwinuko mkali wakidhani utaunda uvungu. Kwenye mguu usiopinda mwinuko mkali unaongeza maumivu tu. Akikaa miezi mitatu bila maumivu, akashuka mlima na kurudi, muache. Takriban mtoto mmoja kati ya watatu huishia hapo bila kisu. Maumivu yakirudi mara tu anapoanza kutembea kawaida, jibu mmelipata, na kurudia hogo mara ya tatu na ya nne ni kumpotezea muda.

Hapo ndipo swali la kidato cha nne linapoingia. Daraja likikatwa mtoto akiwa bado anakua, viungo vya jirani bado vina gegedu zima. Akiendelea kuutumia mguu mgumu na wenye maumivu kwa miaka mingine minne, viungo hivyo vinabeba kazi isiyo yao na vinaweza kuanza kuchakaa. Vikichakaa, kukata daraja hakusaidii tena; kinachobaki ni kufunga viungo kwa makusudi kwa skrubu, yaani kupoteza mwendo kabisa ili kuondoa maumivu. Sisemi hivyo kukutia hofu. Miezi sita ya kujaribu hogo na viatu haina hasara. Miaka minne inaweza kuwa na hasara.

Ikifika kukata, hivi ndivyo inavyofanyika kwa aina aliyotajiwa binti yako. Kabla ya siku yenyewe wapime wingi wa damu, kundi la damu na selimundu. Selimundu ni muhimu kwa sababu pajani atafungwa mkanda unaozuia damu ili daktari aone vizuri, na kwa mgonjwa wa selimundu mkanda huo unaweza kuleta madhara. Chakula kizito kikome saa 6 kabla ya usingizi, maji matupu saa 2 kabla. Antibayotiki ya mshipani itolewe ndani ya saa moja kabla ya kupasua, na kabla mkanda haujajazwa upepo. Ikitolewa baadaye inazunguka mwili mzima isipokuwa mguu wenyewe.

Analazwa chali, kimto chini ya nyonga ya mguu unaopasuliwa. Chale ni ya mshazari, sentimita 4 hadi 5, upande wa nje, mbele na chini ya kifundo, pale pale ulipobonyeza nyumbani. Ncha za chale zinapakana na hatari. Upande wa juu linapita tawi la neva linaloleta hisia mgongoni mwa mguu. Upande wa chini zipo kano za misuli ya nje na neva ya surali. Tawi likikatwa au likinaswa kwenye mshono, binti atapona daraja na kubaki na ganzi au moto juu ya mguu unaochokozwa na kila kiatu. Chini ya ngozi kuna msuli mfupi unaonyoosha vidole. Unainuliwa kutoka shina lake na kukunjwa kuelekea mbele, na daraja linaonekana sakafuni.

Kwenye mikato inayofuata ndipo matokeo yanapoamuliwa. Kwa patasi nyembamba daktari anakata mara mbili, mkato mmoja upande wa kisigino na mwingine upande wa navikula. Mikato hiyo inapaswa kwenda sambamba mpaka chini kabisa, ili kitakachotoka kiwe kipande cha pembe nne, chenye upana wa sentimita 1 au zaidi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni mikato kukutana chini, na kipande kikatoka kama kabari ya kupasulia kuni. Ukiangalia kutoka juu pengo ni zuri. Chini, daraja limebaki, na hapo ndipo linapoanza kujijenga upya. Kosa la upande mwingine ni pupa: patasi ikienda ndani mno inachuna gegedu la kichwa cha talasi, au inafungua kiungo kati ya kisigino na mfupa wa kuboidi. Viungo hivyo vilikuwa vizima. Sasa umempa mtoto ugonjwa mpya.

Kabla ya kufunga, daktari anaingiza ncha ya kidole kwenye pengo hadi chini, anauyumbisha mguu ndani na nje na kuona kama mifupa inaachana bila kugusana, kisha anapiga picha ya mshazari hapo hapo mezani. Hospitali isiyo na mashine ya X-ray ya thieta (chumba cha upasuaji) inaweza kupasua, lakini hapa kukisia kuna gharama. Ni haki yako kuuliza kama mashine ipo na inafanya kazi.

Ulichouliza kuhusu kuota tena: ndiyo, mfupa unaweza kuota. Chanzo kikubwa ni kile kipande cha kabari. Cha pili ni pengo kuachwa tupu, kwa sababu mfupa uliokatwa unatoa damu, damu inaganda, na tone la damu lililoganda kati ya mifupa miwili ni mwanzo wa mfupa mpya. Kwa hiyo nyuso mbili zilizokatwa hupakwa nta ya mifupa, safu nyembamba tu, na pengo hujazwa kitu. Daktari Badgley mwaka 1927 alieleza kuingiza ule msuli mfupi wa vidole, na njia hiyo ilitumika kwa miongo mingi. Unafanya kazi, ila vipimo vilivyofanywa kwa maiti vimeonyesha kwamba msuli unajaza takriban thuluthi mbili tu za kina cha pengo, na kule chini, ambako ndiko mfupa hurudi, haufiki. Pia ukiondolewa mahali pake, upande wa nje wa mguu unabaki na shimo na kijifupa kinachosuguana na kiatu. Kwa maoni yangu mafuta ya mwilini ni bora: kipande kinatolewa kwenye mkunjo wa kalio kwa chale ndogo, kinashindiliwa mpaka pengo lijae lote, kisha msuli unarudishwa mahali pake kama kifuniko. Gharama yake ni kidonda cha pili, na kwa wiki ya kwanza kukaa kwenye kiti kigumu kunauma.

Ukimuuliza daktari wako maswali mawili tu, uliza haya: "Utatoa upana gani?" na "Utaweka nini kwenye pengo?" Anayefanya kazi hii mara kwa mara hujibu bila kufikiri.

Matarajio yawe ya kweli pia. Katika matokeo yaliyochapishwa, robo tatu hivi ya miguu iliyokatwa daraja la aina hii hufanya vizuri au vizuri sana, na wanaofanya vizuri zaidi ni wenye umri mdogo na daraja ambalo bado ni gegedu. Maumivu yanapungua sana, mwendo unarudi kiasi. Uvungu hauinuki. Mtoto mwenye mguu bapa kabla ya kukatwa daraja atakuwa na mguu bapa baadaye, ila usiouma. Wazazi wasioambiwa hilo mapema huishia kulalamika juu ya upasuaji uliofaulu.

Kama CT itaonyesha daraja liko kati ya talasi na kisigino, usishangae mpango ukibadilika. Chale inakuwa upande wa ndani, chini ya fundo, katikati ya kano na mshipa mkubwa wa damu na neva ya wayo. Daraja linachongwa taratibu kwa keekee ndogo mpaka gegedu zima lionekane pande zote, kisha mafuta yanawekwa. Hapa vipimo vya CT ndivyo vinavyosema. Daraja likichukua zaidi ya nusu ya kiungo cha nyuma, au kisigino kikiwa kimelala nje zaidi ya nyuzi 16 hivi, kulikata peke yake mara nyingi hakutoshi; kisigino chenyewe huhitaji kukatwa na kunyooshwa, kwa pamoja au baadaye, na pengine kano ya nyuma ya kisigino kurefushwa. Hiyo si kazi ya kufanyiwa popote. Ikifika hapo, hata safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ina maana.

Turudi kwa binti na maisha ya nyumbani, maana mengi huharibikia hapo. Likizo ya Juni ni nzuri kuliko ya Desemba: ni kavu, na anapata mwezi mzima kabla ya darasa. Usipange karibu na mtihani wa kidato cha pili wa Novemba. Kama mnaanza na hogo Juni hii, basi upasuaji, ukihitajika, ungojee Juni ijayo. Maumivu yakiwa makali, Desemba, mkijipanga kwa mvua.

Akitoka thieta atakuwa na plasta nusu iliyofungwa bandeji. Siku 3 za kwanza mguu ukae juu ya usawa wa moyo, akiwa amelala na mito miwili chini ya muundi, si kukaa kwenye kochi na mguu juu ya stuli. Vidole viwe vya joto, na avichezeshe kila saa akiwa macho. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua licha ya dawa, hasa ukimnyoosha vidole akapiga kelele, au vidole kuwa baridi, vyeupe au vya bluu: bandeji ifunguliwe na arudishwe hospitali usiku huo huo. Homa, harufu au bandeji kulowa usaha vinamrudisha pia. Baridi ya Juni isiwafanye mweke chupa ya maji ya moto kwenye mguu wenye ganzi.

Wiki 2 hadi 3 asikanyage kabisa. Magongo yawe ya urefu wake: akisimama, kichwa cha gongo kiwe vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, uzito aubebe kwa viganja, si kwa kwapa, maana kuning'inia kwa kwapa kunabana neva na mkono unakufa ganzi. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa ndivyo vinavyotangulia. Kwenye utelezi wa udongo mwekundu mpira wa chini ya gongo ukichakaa ni hatari, badilisha mapema. Na choo. Choo cha kuchuchumaa hakiwezekani kwa mguu mmoja. Watoto wengi huukanyaga mguu huko huko chooni, usiku, na hawasemi. Mwite fundi seremala kabla ya upasuaji akutengenezee kiti imara chenye tundu, cha kuwekwa juu ya shimo, chenye urefu wa goti lake na mahali pa kushika.

Nyuzi hutolewa siku ya 14 hivi. Kabla ya hapo kidonda kisilowe. Plasta ikitoka, mazoezi yaanze siku hiyo, kwani kuuacha mguu umefungwa muda mrefu ni kuukaribisha mfupa kurudi. Aketi, kisigino hewani, aandike herufi za alfabeti kwa kidole gumba cha mguu, mara 3 au 4 kwa siku. Kisha ushike muundi wake usitikisike, yeye ainamishe wayo ndani na nje mara 10, pole pole, mpaka mwisho wa uwezo wake. Mtaalamu wa mazoezi tiba atamwongezea, lakini akimwona mara moja kwa wiki Mbeya na nyumbani hafanyi kitu, hamjafanya kitu. Aanze kukanyaga kidogo wiki ya 3 au 4, akanyage kikamilifu kati ya wiki ya 4 na ya 6. Njia ya mlima ya shule, aanze baada ya wiki ya 8 akiwa na viatu vigumu. Hadi hapo tafuta bajaji au bodaboda ya kwenda na kurudi, na uiweke kwenye bajeti ya matibabu toka mwanzo. Ndala na mabuti ya mpira yanayocheza mguuni aviache kwa miezi 3. Netiboli na kukimbia, mwezi wa 3 hadi wa 4. Mguu kuvimba jioni kwa miezi kadhaa ni kawaida. Asichuliwe pale kwenye kovu mpaka lifunge vizuri, na hata hapo bibi atumie vidole laini na mafuta ya kawaida, si ya moto.

X-ray ya mshazari ipigwe tena baada ya miezi 6 hivi, nyingine mwaka ukitimia. Mfupa kidogo ukionekana kwenye pengo na mtoto hana maumivu, haufanyiwi kitu.

Mguu wa kushoto utaonekana kwenye CT hiyo hiyo. Ukikutwa na daraja lakini hauumi, usikubali ukatwe "kwa kuwa tupo thieta tayari": atakosa mguu wa kusimamia kwa wiki tatu, na huenda usimsumbue maisha yake yote. Wadogo zake hawahitaji kupigwa picha. Wakiteguka mara kwa mara, wasimamishe kwa ncha za vidole ukiwa nyuma yao, uangalie visigino.